Kimya Mikono-Mitupu na Ntakirutimana wa Mlangoni

Sogeeni, enyi watu wa Biryogo, nanyi mliotelemka kutoka Kinyinya, nanyi mliopanda basi Kabuga mkaja kusikia kwa masikio yenu. Sogeeni, mwenye kiti akae, asiye na kiti aegemee ukuta, mwenye chai anywe, na asiye nayo amtazame mwenye nayo kwa adabu. Punguzeni redio. Leo nasimulia habari za mikono miwili, mitupu, isiyoshika upanga wala ngao, na jinsi ilivyopata siku moja kile ambacho panga za wenzake hazikuwahi kukitafuta. Ewe Kumbukumbu, mama wa umbea wote, nishike mkono nisiongeze neno. Na nikiongeza, liwe zuri.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wamekwisha kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, wamenawa, wamerudi wenye njaa ya chakula na ya maneno. Saa nane mchana mgahawa wa Shakira ulikuwa umejaa hata benchi la jikoni limeletwa mbele. Shakira, mpika chapati asiye na mfano kati ya msikiti na kituo cha mabasi, yeye ndiye aliyeitoa meza yake ndefu kwa vita hivi mwaka mzima, kwa sharti moja tu, kwamba anayekufa mchezoni asimwage chai.

Kwa maana ni mchezo, msije mkaogopa. Mtu hujitungia shujaa, humwandika karatasini, nguvu zake kwa tarakimu na uhai wake kwa tarakimu. Msimulizi huwaeleza wachezaji wanachokiona. Nao humwambia watakalotenda. Kisha dadu la pande ishirini huvurumishwa mezani, nalo huamua kama tendo limefaulu au limeleta aibu. Msimulizi wa meza hiyo alikuwa Bayingana, aliyezaliwa Tabora na kukulia huko hadi ndevu zikamwota, mtu wa ofisi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Yeye ndiye aliyekitafsiri kitabu cha sheria kwa Kiswahili, kwa mkono, daftari nne, kwa sababu wachezaji wake walitoka pembe tatu za dunia na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha.

Na wachezaji, enyi wasikilizaji, walikuwa watatu.

Wa kwanza Rwema wa Kinyinya, msimamizi wa majengo, mmwaga zege, mkemea mafundi, aliyekulia Uganda na kurudi na sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Shujaa wake aliitwa Ngome, mpiganaji aliyevaa chuma kutoka utosini hadi kisigino, mwenye uhai sabini na nne na upanga mrefu kama mlango.

Wa pili Kabagwira wa Kiyovu, mpokea wageni wa hoteli, mshika funguo za vyumba themanini, ambaye hajapata kumwita mtu "wewe" bila kwanza kumwuliza jina. Shujaa wake alikuwa mchawi mwenye kitabu na fimbo, na alipofungua kitabu hicho moto ulitoka.

Wa tatu ndiye huyu ninayemwimba: Mukashema wa Biryogo, fundi wa sare za shule, mpenya-tundu-la-sindano, mwenye mita shingoni hata Ijumaa. Shujaa wake alikuwa mtawa. Si mtawa wa kusali peke yake, hapana. Mtawa wa kupiga. Aliitwa Kimya, naye alitoka kwenye monasteri ya juu ya mlima walikomfundisha kwamba mwili wenyewe ni silaha.

Siku ya kwanza alipomtangaza, Mzee Usumani, mchomelea mageti aliyeketi benchi la pili akiwa hachezi ila hajakosa hata Jumamosi moja, aliweka kikombe chini.

"Sasa huyu dada, silaha yake iko wapi?"

"Iko kwenye mikono, mzee."

"Na nguo ya chuma?"

"Hana. Akivaa chuma, ufundi wake wote unakufa."

"Basi mumwandalie sanda mapema," alisema Usumani, akachukua tena kikombe.

Nami kwa kuwa nasimulia historia na si matangazo, sitaficha udhaifu wa mtawa. Uhai wake ulikuwa thelathini na moja, chini ya nusu ya Ngome. Rwema alihitaji nguvu tu, basi. Mtawa alihitaji wepesi apate kukwepa, busara apate kupiga palipo na mshipa, na kifua apate kustahimili akipigwa, na aliyepewa tarakimu chache azigawe mara tatu ni kama fundi aliyepewa mita mbili za kitambaa ashone suruali, shati na koti. Maajabu yake yote yaliendeshwa na kitu kilichoitwa pumzi, na pumzi zilikuwa nane, zikiisha amekwisha mpaka apumzike. Ngumi yake ilitoa uhai sita pale ambapo upanga wa Rwema ulitoa kumi na saba.

Wala sitaficha ubora wake. Alikimbia mara mbili ya mtu yeyote pale mezani, ukutani alikopita mjusi naye alipita. Mshale uliorushwa kwake aliudaka. Na akikupiga kwa pumzi moja, ulipigwa na bumbuwazi, ukasimama kama mtu aliyesahau alichokuja kununua, wenzake wakakumaliza.

Wenzake wakakumaliza. Hilo ndilo lililokuwa donda.

Kwani meza hiyo ilikuwa na desturi. Kama vile wakuu wa wilaya zetu wanavyotia saini imihigo, ahadi za mwaka zinazopimwa kwa asilimia, ndivyo Bayingana alivyowatilisha saini mashujaa wake mwezi wa kwanza. Ahadi zilibandikwa ukutani juu ya ndoo ya kunawia. Rwema aliahidi mambo sita, Kabagwira manne. Mukashema aliahidi moja tu: *Kimya atamwangusha adui mmoja mwenye jina lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.* Na sheria ilikuwa hivi: atakayeshindwa kufikisha sabini kwa mia siku ya tathmini, karatasi ya shujaa wake inaingia kwenye boksi, naye anacheza kama mganga.

Mganga huyo hakuwa na mwenyewe tangu Armel, aliyekuwa mchezaji wa nne, ahamie Huye. Kazi yake ni kutembea nyuma ya wenzake na mfuko wa bandeji na chupa ishirini na mbili za dawa, akiwafunga vidonda wakimaliza kujisifu.

Mwezi kwa mwezi Mukashema aliwashangaza maadui wenye majina, na mwezi kwa mwezi Rwema aliwamaliza. Jitu la darajani, lenye jina: Rwema. Malkia wa nyigu, mwenye majina mawili: Rwema, tena akiwa amekaa. Hata ikafika siku ya tathmini, nayo ndiyo hiyo Jumamosi, na mbele ya jina la Mukashema ukutani palisomeka sifuri.

"Sha, rafiki yangu, si ungeandika kitu rahisi," Rwema alimwambia wakinawa. "Kutembea. Kusalimia. Ungekuwa na mia saa hizi."

"Niliandika ninachotaka."

"Mganga naye si mbaya. Tunakuhitaji."

Mukashema alifuta mikono yake kwa makini, kidole kwa kidole, kama mtu anayezihesabu silaha zake. "Rwema, ndugu yangu. Wiki nzima nabeba. Nabeba pasi, nabeba mkasi, nabeba vitambaa vya watu na maneno yao juu ya vitambaa hivyo. Jumamosi nataka kuwa mtu mmoja asiyebeba kitu. Hicho tu. Usinitafutie mfuko."

Rwema akamvutia benchi, nalo ni jambo la kuandikwa.

Basi walipoketi, Bayingana aliamuru kila mtu ajivune, kama wapiganaji wa kale wa nchi hii walivyojivuna mbele ya mwami, mfalme wao, kabla ya vita. Rwema akasimama, benchi likalia. "Mimi ni Ngome, mwana wa Nondo, mjukuu wa Mawe! Mimi ndiye niliyemshika nyati wa chuma kwa pembe akaomba maji! Nikikohoa, kuta zinakaguliwa upya! Zurkani, Bwana wa Majivu, kunja mkeka wako, mwenye nyumba amefika!" Watu wakapiga meza. Kabagwira akasimama, akasema kwa sauti ya mapokezi kwamba yeye ni Mwangaza wa Vilele Saba, kwamba moto wake huwafikia wote bila ubaguzi, na kwamba anawatakia wote waliopo alasiri njema.

Mukashema akasimama. "Mimi ni Kimya," alisema. "Niliahidi kitu kimoja."

Akakaa. Usumani alisema ndiyo majivuno mafupi kuliko yote aliyowahi kusikia, na kwamba hata kuku akitaga husema zaidi.

Sasa tegeni sikio, maana tunaingia ngomeni kwa Zurkani.

Walipita lango la kwanza bila upinzani. Wakafika mlango wa pili, nyuma yake ukumbi wa kiti cha enzi. Bayingana akasoma daftarini: "Mlangoni ameketi mlinzi. Mbele yake iko meza, na juu ya meza sinia. Nyuma yake, rafu."

Alimweka mlinzi huyo, kama alivyokiri baadaye mwenyewe, kwa ajili ya kupamba tu. Uhai wake ulikuwa tano. Angeweza kusukumwa, kuhongwa ndizi au kurukwa. Lakini Rwema ni mtu anayeingia benki mara mbili kwa wiki na ofisi za vibali kila siku. Ameshapita kwenye mashine za ukaguzi za mji huu, ambako simu na funguo huwekwa kwenye sinia, mara nyingi kuliko alivyopita kwenye mlango wa mama yake. Kabla Bayingana hajafunga mdomo, Rwema alisema:

"Naweka upanga kwenye sinia."

Bayingana alimtazama.

"Na mkanda. Na ngao. Hii nguo ya chuma je, italia?"

"Italia," alisema Usumani kutoka benchi la pili. "Chuma lazima kilie."

"Navua."

Bayingana akachukua kalamu, akaandika. Kabagwira naye akaweka fimbo, akaweka kitabu, akauliza kama kitabu kinahesabika, akaambiwa kinatoa moto, akasema basi ni haki. Kisha, kwa kuwa hawezi kupita mbele ya mtu aliye kazini bila kumheshimu, akainama kidogo. "Pole na kazi, kaka. Unaitwa nani?"

Sasa Bayingana hakuwa amemwandalia mlinzi huyo jina. Walinzi wa mapambo hawana majina. Akatazama dari, akatazama chai yake, akasema la kwanza lililomjia. "Anaitwa Ntakirutimana."

"Asante, Ntakirutimana. Tutakuwa wepesi."

Mlinzi akampa Rwema kadi ya namba kumi na nne, na Kabagwira kumi na tano, vitu vyao vikapangwa kwenye rafu vizuri. Akamgeukia mtawa.

"Kimya ana nini cha kuacha?" aliuliza Bayingana.

"Hana kitu."

"Mlinzi anamtazama juu mpaka chini. Anasema: pita."

Hakupewa kadi, maana hakuacha kitu. Nami nawaapia kwamba katika mgahawa mzima, watu thelathini na ushee, hakuna aliyeona jambo la ajabu limetendeka. Shakira alisema kwa upole kwamba walau hao wa Zurkani wana mpangilio.

Mlango ukafunguliwa. Ukumbi ulikuwa mrefu na mweusi. Mwishoni kabisa, kwenye kiti cha mifupa, aliketi Zurkani, Bwana wa Majivu. Upande wa kaskazini alisimama Kapteni Fusho, mpwa wake, mkuu wa jeshi lake. Na kati yao askari kumi na wawili wenye pinde na mikuki. Zurkani akacheka kicheko ambacho Bayingana alikifanyia mazoezi nyumbani.

Rwema alisimama tena, benchi likalia tena, sauti ikapanda. "Saa imefika! Nachomoa upanga!"

"Upanga upi?" aliuliza Bayingana.

Birika la Shakira lilisikika likichemka, na nje mtu akiuza karanga alisikika akitaja bei. Rwema aliitazama kadi ya namba kumi na nne aliyokuwa ameichora yeye mwenyewe pembeni mwa karatasi yake, akaizungushia duara.

"Ule," alisema.

Ndugu zangu, vita vilivyofuata nisingemtakia adui. Ngome mwana wa Nondo alipigana na kiti cha miguu mitatu. Mwangaza wa Vilele Saba, bila kitabu, alikumbuka ajabu moja tu, ya kuwasha mshumaa, akauwasha. Mikuki ikaingia, tarakimu zikashuka. Ule uhai sabini na nne ukawa hamsini, ukawa thelathini na tatu, ukawa kumi na mbili.

Ni mtu mmoja tu katika ukumbi ule ambaye hakupungukiwa na kitu, kwa sababu hakuna mlinzi duniani anayeweza kukuwekea mikono kwenye rafu. Kimya akaenda. Pumzi ya kwanza, askari akashangaa. Ya pili, wa pili. Akapanda ukuta, akashuka katikati yao kama nguo iliyokatikiwa na kamba, pumzi ya tatu, ya nne, na dadu la Mukashema siku hiyo lilimtii kama cherehani iliyotiwa mafuta. Kwa ya tano akampiga Zurkani mwenyewe, akamtoa uhai sita kati ya mia na arobaini, Zurkani akajikuna. Kwa ya sita na ya saba akamwendea Kapteni Fusho, akampiga mara nne mfululizo, akamwacha amesimama na bumbuwazi, macho yamemtoka, uhai wake umebaki nne. Kisha mikuki ikamsukuma mtawa hadi katikati ya ukumbi, naye akabaki na uhai saba na pumzi moja.

"Hali ikoje?" aliuliza Mukashema.

Bayingana hakuficha. Fusho yuko kaskazini, hatua kumi, hawezi kujikinga. Kumpiga ni hakika na kumwangusha ni karibu na hakika. Mlango uko kusini, hatua arobaini, nyuma yake rafu. Rwema hatamaliza mizunguko miwili bila upanga. Na kwa pumzi moja na miguu miwili mtu huenda upande mmoja.

Mgahawa mzima ulijua maana yake. Fusho alikuwa na jina. Fusho alikuwa ndiye sifuri inayogeuka mia, ndiye boksi lisilofunguliwa, ndiye mfuko wa bandeji ambao hautabebwa. Shakira aliacha chapati ikaungua upande mmoja, jambo ambalo halikutokea hata siku ya harusi ya mwanawe.

"Piga huyo kapteni, dada," alisema Usumani, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mwaka mzima."

Rwema alikuwa akiitazama karatasi yake. Kabagwira alikuwa ameshika kwa mikono miwili karatasi yake, naye alikuwa ameichora humo kadi ya namba kumi na tano.

Mukashema aliivua mita shingoni, akaiviringisha, akaiweka mezani. "Pumzi ya mwisho," alisema. "Mbio. Kusini."

Naam, akakimbia, mwepesi wa miguu, mpita-ukutani, na upinde ukalia nyuma yake, na Bayingana akatupa dadu akasema mshale umelenga kisogo. Na Mukashema akatupa lake akasema Kimya anageuka nusu na kuudaka. Akaudaka. Akaendelea na mshale mkononi, hatua ishirini, thelathini, arobaini, akaupita mlango, akasimama mbele ya meza yenye sinia.

"Kaka Ntakirutimana," alisema Mukashema, akihema yeye mwenyewe, ingawa alikuwa amekaa muda wote. "Naomba vitu vya wenzangu. Upesi."

Bayingana alirekebisha miwani. Na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa ya Zurkani wala ya jitu. Ilikuwa sauti tunayoijua sote.

"Karibu dada. Kadi iko wapi?"

Kadi. Mashujaa wenye kadi walikuwa ukumbini wakifa. Asiye na kitu cha kuacha hana kitu cha kuonyesha. Ule wepesi uliompitisha mlangoni bila kuguswa, sasa ulimsimamisha mbele ya rafu kama mtu aliyeokotwa njiani.

"Sina kadi. Ila mimi ndiye niliyepita nao sasa hivi. Uliniona."

"Nilikuona, dada. Lakini bila kadi sitoi kitu. Ni utaratibu."

"Wenzangu wanakufa humo ndani."

"Pole sana. Waje wenyewe na kadi."

"Lakini hapo ana haki," alisema mtu wa karibu na dirisha.

"Ana haki," alisema mwingine. "Akimpa yeye, kesho atampa nani?"

"Kama ni mwizi je?" aliuliza Shakira.

Hata Rwema, ambaye shujaa wake alikuwa na mkuki begani na uhai kumi na mbili, alitikisa kichwa polepole. "Ariko kweli," alisema. "Utaratibu ni utaratibu."

Mukashema aliwatazama mmoja mmoja. Nadhani, nasema nadhani, kwamba katika maisha yake hajawahi kubishana na mtu wa mlangoni. Hakuna anayebishana nao. Alikuwa na tendo moja lililobaki, la kawaida, lisilo na pumzi wala ajabu. Aliliokota dadu.

"Ntakirutimana," alisema, "ewe mlinzi wa sinia, mtunza rafu, mtu usiyekosea namba. Hukunikosea, na kazi yako umeifanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa zaidi. Ningekuwa na kadi ningekupa kwa mikono miwili. Lakini nimekuja na mikono yenyewe tu. Nampiga."

Mgahawa ulivuta pumzi kama umepigwa wenyewe.

"Kumi au zaidi," alisema Bayingana.

Dadu likaenda. Likapita sahani ya chapati, likagonga birika la maziwa, likazunguka juu ya pembe moja muda mrefu kuliko inavyofaa kwa kitu kisicho na roho, likalala. Kumi na moja.

"Anapata. Ngumi inatoa uhai sita," alisema Bayingana. "Yeye ana tano." Akaandika. "Ameanguka. Ameanguka taratibu, nyuma ya meza, bila kuangusha kitu."

Kilichofuata ni cha kawaida, nami nitakipitisha haraka kwa kuwa vitabu vimejaa mambo ya namna hiyo. Zamu iliyofuata Kimya alirudi ukumbini. Siku hiyo, yeye aliyeapa kutobeba, alibeba: upanga, ngao, mkanda, fimbo na kitabu, na nguo ya chuma akaiburuta, na mbio zake zikawa za mtu aliyetoka sokoni Kabuga. Akamkuta Rwema na uhai tatu. Rwema akashika upanga, Kabagwira akafungua kitabu. Fusho akazinduka akauawa na Rwema. Zurkani, Bwana wa Majivu, tishio la falme tisa, akauawa pia.

Kisha Bayingana akafunua kalamu nyekundu, na watu wakageukia ukutani, maana tathmini ilikuwa imewadia. Rwema: tisini na mbili kwa mia. Kabagwira: themanini na nane. Kalamu ikashuka kwenye mstari wa tatu, ikasimama.

"*Adui mmoja mwenye jina lake mwenyewe,*" alisoma Bayingana, "*kwa mkono wake mwenyewe.*"

"Ngoja kidogo," alisema Rwema, naye hakusema kwa ubaya, ila mtu wa majengo hukagua. "Napinga. Adui mwenye jina maana yake ni mkubwa, mtu wa hadithi. Yule alikuwa karani wa mlangoni. Jamani, uhai tano?"

"Imeandikwa mkubwa?" aliuliza Bayingana.

"Haikuandikwa, lakini..."

"Imeandikwa mwenye jina. Alikuwa na jina?"

Kabagwira alinyanyua mkono, kama shahidi mahakamani. "Alikuwa nalo. Nilimwuliza mimi."

"Kwa nini ulimwuliza?" alisema Rwema.

"Alikuwa kazini," alisema Kabagwira, akimshangaa.

"Na alikuwa adui? Alifuata utaratibu tu. Watu hapa wamesema wenyewe ana haki," aliendelea Rwema.

"Wewe pia ulisema ana haki," alisema Usumani, akinyanyuka kutoka benchi la pili kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. "Nikasikia. Bila huyu dada, Rwema, saa hizi ungekuwa maiti yenye kadi. Namba kumi na nne. Tungekuja kukuchukua, na sisi tungeombwa kadi."

Kicheko kilichopanda kilitikisa vikombe. Rwema alikisubiri kipite. Kisha akaichukua karatasi yake, akaikata ile pembe yenye kadi aliyoichora, akaisukuma mbele ya Mukashema.

"Andika mia," alimwambia Bayingana. "Na mfuko wa mganga mpe mtu mwingine."

"Nani?"

"Tutapokezana," alisema Rwema kwa uzito wa mtu anayesaini mkataba wa daraja. "Naanza mimi."

Bayingana akaandika mia. Shakira akaleta chapati ile iliyoungua upande mmoja, akasema ni ya Kimya, bure, na aile upande wa pili. Mukashema akaila yote, pande zote mbili, akiwa ameiacha mita pale mezani ilipo. Kisha akatazama mikono yake, mbele na nyuma, kama ndiyo kwanza ameipokea kutoka kwa fundi.

Basi ijulikane, na waliokuwepo wawaambie wasiokuwepo, kwamba katika mwaka ule ambao Zurkani alianguka, jambo kubwa halikuwa Zurkani. Falme tisa zilikombolewa na mtu aliyeombwa kadi akawa hana. Ukipita Biryogo utaikuta karatasi bado iko ukutani juu ya ndoo ya kunawia, imelowa kidogo pembeni, na kwenye mstari wa tatu, kwa wino mwekundu, liko jina la mlinzi kwa ukamilifu wake, kwani Mukashema mwenyewe aliomba liandikwe vizuri.

Jumatatu yake alikwenda mjini kununua vifungo. Mlangoni pa jengo alitoa simu, akatoa funguo, akatoa mkasi wa kazi, akaviweka kwenye sinia kama sisi sote, akapewa kadi ya namba. Akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akamtazama mlinzi kwa heshima kubwa.

"Pole na kazi, kaka," alisema. "Unaitwa nani?"